Siku OJ alipoachiwa: wengine walilia, wengine walishangilia

Tarehe 3 Oktoba 1995, saa nne asubuhi kwa saa za Los Angeles, Marekani karibu yote ilisimama kusikiliza karatasi moja ikisomwa. Watu wanaokadiriwa kufika milioni 150 walikuwa mbele ya TV, maofisini kazi zimesimama, madarasani walimu wamewasha TV, polisi wa Los Angeles wako tayari mji mzima wakihofia vurugu, alafu karani wa mahakama akasoma: hana hatia. O.J. Simpson, staa wa futiboli ya Kimarekani aliyeshtakiwa kumuua mtalaka wake Nicole Brown Simpson na kijana mmoja anaitwa Ron Goldman, yuko huru. Ndani ya ukumbi ule dada yake Ron, Kim, alilia kilio ambacho hadi leo ukikisikia kwenye video kinakuchoma.

Sasa siku ile kamera hazikuwa mahakamani tu. Zilikuwa zimepangwa vyuoni, kwenye mabaa, saluni, barabarani, zikisubiri sura za watu. Pale Howard, chuo kikuu maarufu cha weusi Washington, wanafunzi wa sheria waliruka juu wakakumbatiana kama timu yao imechukua kombe. Sehemu nyingine wazungu wamekaa wameziba midomo kwa viganja, wengine machozi yanawatoka. Jioni vituo vya TV vikaziweka hizo picha mbili upande kwa upande, weusi wanashangilia, weupe wanalia, na ndo zilivobaki kichwani mwa watu mpaka leo, miaka 30 na ushee.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu naisikia sana kwa watu wetu huku Marekani, na hata wa nyumbani wakikutana na klipu za zamani mitandaoni, kwamba weusi wa Marekani walishangilia muuaji kwa vile tu ni mweusi mwenzao. Inasemwa kirahisi kweli, yaani kama jambo lililokwisha kujulikana. Mi siikubali, na sio kwamba namtetea OJ. Naamini aliwaua wale watu wawili. Damu ilikuwepo, vipimo vya DNA vilikuwepo, historia ya kumpiga yule mama ilikuwepo. Lakini kuamini hivo hakunizuii kuelewa kwanini mtu mwenye akili zake timamu aliruka juu siku ile.

Tuanze na yeye mwenyewe OJ. Huyu alizaliwa San Francisco mwaka 1947, kakulia mtaa wa Potrero Hill kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini, kipaji kikamtoa. Mwaka 1968 akiwa chuo kikuu cha USC akachukua tuzo ya Heisman, kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo. Mwaka 1973 akiwa na timu ya Buffalo Bills akawa mchezaji wa kwanza kukimbia zaidi ya yadi 2,000 kwenye msimu mmoja. Mwaka huohuo wa 1968 alipokuwa anapewa Heisman, wakimbiaji weusi Tommie Smith na John Carlos walikuwa wamesimama jukwaani kwenye Olimpiki ya Mexico wameinua ngumi kupinga ubaguzi, na Muhammad Ali alikuwa amevuliwa ubingwa kwa kukataa vita vya Vietnam. Wanamichezo weusi walikuwa wanapoteza ajira zao kwa ajili ya wenzao. OJ aliombwa ajiunge, hakutaka. Waliokuwa naye karibu wanasema alikuwa na kauli yake, mimi sio mweusi, mimi ni OJ. Akapata matangazo ya Hertz, kampuni ya kukodisha magari, anakimbia kwenye uwanja wa ndege, akapata filamu, akajenga maisha yake Brentwood, mtaa wa matajiri wa kizungu, marafiki zake wa gofu wazungu, na polisi wakija kwake wanakuja kama wageni. Huyu hakuwa mtu wao. Weusi wa Los Angeles kusini wala hawakuwa wanamwona mitaani kwao. Kwa hiyo ukisema walimshangilia kwa undugu, undugu upi?

Ila wakili wake, huyo walikuwa wanamjua vizuri sana.

Wakili huyo, Johnnie Cochran, hakuanza kujulikana na kesi ya OJ. Mwezi Mei 1966 kijana mweusi anaitwa Leonard Deadwyler alikuwa anaendesha gari kwa kasi Los Angeles kumuwahisha mke wake hospitali, mke ana mimba na wanadhani uchungu umeanza. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye antena ya gari, kwamba jamani hii ni dharura. Polisi wakamfukuza wakamsimamisha, askari akaingiza kichwa na bastola dirishani, risasi ikatoka, Leonard akafia palepale kwenye gari pembeni ya mke wake. Ikafanyika uchunguzi wa hadharani, ukarushwa kwenye TV. Cochran, wakili kijana kabisa, alikuwa upande wa mjane, lakini utaratibu haukumruhusu kuuliza maswali mwenyewe, ilibidi amnong'oneze mwanasheria wa serikali, na yule kila mara anaanza na "Bwana Cochran anataka kujua..." Jina likarudiwa na kurudiwa, na watu weusi wa mji mzima wanaangalia. Mwisho wakasema ni ajali, askari akarudi kazini, na mjane akaenda nyumbani na mimba yake.

Huyo ndo mtu aliyesimama pembeni ya OJ miaka 29 baadaye. Na kati ya kesi hizo mbili kuna mambo mengi, mi nitataja matatu tu.

Agosti 1988, askari zaidi ya 80 wa LAPD, yaani polisi wa Los Angeles, walivamia nyumba za kupanga karibu na makutano ya mtaa wa 39 na Dalton, wanasema wanatafuta dawa za kulevya. Walivunja kuta kwa nyundo, wakavunja vyoo, wakapasua makochi, wakamwaga vyakula kwenye nguo, wakaandika ukutani kwa rangi ya kupuliza kwamba LAPD ndo watawala. Walichokamata kilikuwa kidogo mno. Zile familia zilibaki hazina pa kulala mpaka Msalaba Mwekundu ukaja kuwasaidia kama watu waliokumbwa na mafuriko.

Machi 3, 1991, Rodney King akapigwa na polisi pembeni ya barabara, virungu zaidi ya 50, na jirani mmoja akairekodi na kamera yake ya nyumbani. Siku 13 baadaye, Latasha Harlins, binti mweusi wa miaka 15, akaingia duka la mtaani kununua juisi ya machungwa ya dola 1.79. Mwenye duka akadhani anaiba, wakashikana, binti akaiweka juisi kaunta akageuka aondoke, akapigwa risasi nyuma ya kichwa. Hela alikuwa nayo mkononi. Na hii nayo iko kwenye kamera ya duka. Jopo la raia likamkuta yule mwanamke na hatia ya kuua bila kukusudia, ambayo ilikuwa inaweza kumpeleka jela miaka kadhaa, ila jaji akampa kifungo cha nje, masaa 400 ya kazi za jamii na faini ya dola 500. Hakwenda jela. Mtoto wa watu alikuwa darasa la sekondari.

Alafu Aprili 29, 1992. Kesi ya wale askari wa Rodney King ilihamishwa kutoka Los Angeles ikapelekwa Simi Valley, mji wa pembeni ambao polisi wengi wenyewe wanaishi, jopo likajaa wazungu, na video yote ile ikaonekana, na bado wakasema hawana hatia. Usiku ule mji ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 60 na hasara ikafika kama dola bilioni moja.

Sasa hesabu mwenyewe. Kutoka Aprili 1992 hadi Juni 1994, ambapo Nicole na Ron waliuawa, ni miaka miwili na kidogo. Majengo mengine yaliyochomwa bado yalikuwa viwanja vitupu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hawa walikuwa wameumwa na nyoka huyohuyo, sare hiyohiyo, idara hiyohiyo. Watu wanauliza mbona hawakuamini ushahidi wa polisi, mi nashangaa wangeuamini vipi.

Na polisi wenyewe wakaja mahakamani kuthibitisha. Glavu yenye damu iliyokutwa nyumbani kwa OJ iliokotwa na afande Mark Fuhrman. Machi 1995 akaulizwa kizimbani, chini ya kiapo, kama kwenye miaka kumi iliyopita aliwahi kumuita mtu mweusi lile tusi kubwa la kibaguzi. Akasema hapana. Zikaja kutokea kanda alizorekodiwa na mwandishi mmoja aliyekuwa anaandaa filamu, tusi lenyewe mara 41, pamoja na hadithi za kuwapiga watu na kuwabambikia kesi. Alipoitwa tena akaulizwa, jopo likiwa nje, je uliweka ushahidi wa uongo kwenye kesi hii? Badala ya kusema hapana akatumia haki yake ya kukaa kimya. Hebu fikiria unaisikia hiyo ukiwa umekaa kitako Los Angeles kusini. Mwaka uliofuata hakupinga shtaka la kusema uongo chini ya kiapo, na huyo ndo alikuwa mtu aliyetiwa hatiani kutokana na ile kesi.

Habari ya OJ kujaribu glavu mbele ya jopo na glavu kumbana kila mtu anaijua, na ule msemo wa Cochran kwamba kama haiingii lazima mmwachie, sitakaa sana hapo, ilikuwa kosa la waendesha mashtaka wenyewe, wamemvalisha ngozi ya zamani juu ya glavu ya mpira wanategemea iingie kama soksi. Mi naona kanda za Fuhrman zilikuwa na uzito kuliko glavu. Baada ya miezi tisa ya kesi, watu 12 waliofungiwa hotelini siku 265, weusi tisa, wazungu wawili na Mlatino mmoja, walimaliza chini ya masaa manne. Mmoja wa wanawake weusi waliokaa kwenye jopo aliulizwa miaka mingi baadaye mbele ya kamera kama kuna waliomwachia OJ kwa ajili ya Rodney King, akasema ndio, kama asilimia 90. Wenzake wengine wamekataa, wanasema walihukumu ushahidi ulivyoletwa na ulikuwa na mashimo. Nadhani yote mawili yanaweza kuwa kweli ndani ya mtu mmoja, maana mtu haingii kwenye jopo ameacha maisha yake mlangoni.

Mi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee huku Ohio, kama wabongo na Wakenya na Wakongo wengi tu mnavyojua. Aprili 2024 OJ alipofariki kwa kansa ya tezi dume, nilikuwa shifti ya mchana, nimekaa na bibi mmoja mweusi namsaidia chakula. TV ya chumbani ikaanza kuonyesha ile gari nyeupe, Bronco, OJ yuko ndani, ikikimbizwa na polisi kwenye barabara kuu, video yao wasiyochoka kuirudia. Akaingia nesi mzungu na kikombe cha dawa, kijana mstaarabu tu hana shida na mtu, akaangalia TV akasema "afadhali kaenda". Bibi hakumjibu. Akameza vidonge vyake kimoja kimoja, akasubiri kijana atoke na mlango ufungwe, ndo akanigeukia.

Akaniambia 1995 alikuwa anafanya kazi posta, anachambua barua. Siku ya hukumu msimamizi aliwaruhusu wote waingie chumba cha mapumziko kuangalia. Iliposomwa, yeye na wenzake weusi walipiga kelele, yeye mwenyewe alipiga meza kwa mikono miwili mpaka kahawa ya mtu ikamwagika. Alafu akageuka akaona sura za wazungu aliofanya nao kazi miaka, mmoja wao mama ambaye walikuwa wanapeana lifti, na yule mama alikuwa anamwangalia kama hamjui. Walirudi kwenye barua zao na hawakuongea mpaka muda wa kutoka. Lifti nazo zikaisha taratibu, hakuna aliyegombana na mwenzie, ziliisha tu.

Nikamuuliza, bibi, ulikuwa unaamini hakuua? Akanishangaa kabisa. "Mwanangu, kaua. Nilijua siku ile ile kaua." Sasa ulikuwa unashangilia nini? Akafikiri kidogo, kijiko bado nimekishika hewani, akasema kaka yake mkubwa alifungwa kwa ushahidi wa askari mmoja tu, na kila mtu pale mtaani alijua askari kadanganya, na mama yao alikufa kaka bado yuko ndani. "Maisha yangu yote sikuwahi kuona polisi kadanganya mahakamani alafu akashindwa. Ile siku niliona." Baadaye kidogo akaongeza mwenyewe bila kuulizwa, kwamba alipomsikia yule binti analia, dada wa marehemu, alijisikia vibaya na akatamani arudishe kelele zake mdomoni.

Hiyo ndo kauli ninayowapa watu wanaponiletea habari za walishangilia muuaji.

Ila kuna upande mwingine na huu unaniuma zaidi, tena nawalaumu wote, waliolia na walioshangilia. Katika ule ugomvi wa rangi Nicole alipotea. Yaani mwanamke ameuawa nje ya mlango wake, watoto wake wawili wamelala ndani, na nchi nzima inabishana kuhusu kila kitu isipokuwa yeye. Alfajiri ya Januari 1, 1989 alipiga simu polisi, walipofika akatoka mbio vichakani amevaa sidiria na suruali ya mazoezi, uso umevimba, anapiga kelele ataniua, ataniua. Akawalaumu askari kwamba wameshakuja mara nyingi, wanaongea na OJ alafu wanaondoka. OJ hakupinga shtaka la kumpiga mkewe, akapewa kifungo cha nje na kazi za jamii na faini, hakulala jela. Oktoba 1993 Nicole akapiga simu tena, kanda ipo, unasikia mwanaume anafoka nyuma na yeye anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea. Baada ya kifo, kwenye sanduku lake la benki zikakutwa picha za uso wake ulivyopigwa na barua za OJ za kuomba msamaha. Alikuwa anajiwekea ushahidi, mwenyewe, akiwa hai.

Sasa angalia tarehe. Nyumba za Dalton zilivunjwa Agosti 1988. Nicole alitoka vichakani Januari 1989. Miezi mitano tu. Idara ni hiyohiyo ya LAPD. Kwa maskini weusi wa kusini walikuja na nyundo bila hata kugonga, kwa tajiri wa Brentwood anayempiga mkewe walikuja kwa heshima wakamsubiri avae. Waliolia Oktoba 1995 na walioshangilia waliangushwa na idara moja ya polisi, na hakuna aliyewaambia hivo, TV zilikuwa zinatafuta sura za kushangilia na sura za kulia. Lingekuwa jeshi la polisi linaloaminika na kila mtu, Fuhrman asingekuwa na kazi ya kuokota glavu, na OJ labda angefungwa tangu 1989 na Nicole leo angekuwa bibi wa watu.

Mwendesha mashtaka Marcia Clark alitegemea wanawake kwenye jopo wataguswa na kipigo cha Nicole. Mtaalamu aliyeajiriwa kuwasaidia kuchagua jopo aliwaonya kwamba wanawake weusi hawatakuwa upande wao, Clark hakumsikiliza. Jopo lilikuwa na wanawake kumi, wanane weusi. Hapa watu wengi wanawatukana wale wanawake, na mi siwezi. Mwanamke mweusi wa Los Angeles kipindi kile akipigwa na mumewe alikuwa anafikiria mara mbili kupiga simu, maana anaweza kuita msaada akaishia kumzika mume au mtoto wake wa kiume. Umwambie sasa aamini kwamba polisi walewale wamekuja kumtetea mwanamke mwenzie? Inatakiwa kwanza wawe wameshawahi kumtetea yeye. Na Christopher Darden, mwendesha mashtaka mweusi, aliyekuwa anafanya kazi yake tu ya kuwatetea marehemu wawili, aliitwa msaliti na watu wake mwenyewe. Hilo nalo lilikuwa dhambi na lisemwe.

Wazungu nao kilio chao hakikuwa cha uongo. Wengi wao siku zote mahakama ilikuwa kitu chao, wanaiamini kama unavyoamini breki za gari lako, na siku hiyo wakaona imeshindwa waziwazi mbele ya macho yao. Lakini kilichowashinda wengi ni kuuliza swali dogo tu, hawa wenzetu wameishi na hisia hii tangu lini? Badala yake ikawa hasira. Gazeti la Time mwaka mmoja kabla lilikuwa limeshachapa picha ya OJ ya polisi ikiwa imetiwa weusi zaidi ya alivyo, na Newsweek wiki hiyohiyo wana picha ileile haijaguswa, ukiziweka meza moja unaona kabisa mtu kafanywa mweusi ili aonekane muuaji. Mwaka 1997 kesi ya madai ikamalizika Santa Monica, jopo lenye wazungu wengi, wakamkuta OJ anawajibika kwa vifo vile na kuamuru alipe dola milioni 33.5. Safari hii wazungu wakafurahi na weusi wengi wakatikisa kichwa. Kesi ilihama kutoka mahakama ya katikati ya mji hadi ya ufukweni na jibu likabadilika.

Na hapo ndo nawaambia ndugu zangu wa Afrika Mashariki mnaosema haya ni mambo ya Wamarekani weusi, sisi tumekuja kutafuta maisha. Kwa kinyozi nimegombana na mtu kwa hili. Amadou Diallo alikuwa Mwafrika kama sisi, katoka Guinea, anauza bidhaa ndogondogo New York, Februari 1999 yuko mlangoni kwake Bronx, askari wanne wakampiga risasi 41, alichokuwa ameshika ni pochi. Kesi ikahamishwa kutoka Bronx mpaka Albany, mbali kabisa, wakaachiwa wote. Simi Valley ileile kwa jina lingine. Hakuna aliyemuuliza Diallo kama ana kumbukumbu ya Rodney King.

Na kama Diallo ni wa zamani, Patrick Lyoya je? Kijana wa Kikongo wa miaka 26, familia ya wakimbizi, Grand Rapids, Michigan. Aprili 4, 2022 kasimamishwa asubuhi kwa sababu namba za gari hazikulingana na gari. Ikawa purukushani, askari akamlalia mgongoni, akampiga risasi ya kisogoni uso wa Patrick ukiwa chini. Baba yake alipoongea na waandishi wa habari aliongea Kiswahili, mkalimani pembeni anatafsiri. Mimi niliiangalia ile video bila kusubiri mkalimani, na nadhani wengi mnaosoma hapa mliisikia hivohivo, baba mtu mzima anasema alikimbia vita ili watoto wake waishi. Askari alishtakiwa kwa mauaji, Mei 2025 jopo likashindwa kukubaliana, kesi ikavunjika, na mwendesha mashtaka akasema hataianza upya.

Magrupu yetu ya WhatsApp siku ile yaliwaka. Watu walewale waliokuwa wananiambia weusi wa Marekani wanapenda kulalamika walikuwa wanaandika kwa herufi kubwa. Na kwenye kurasa za habari za kule Michigan wengine wanamwandikia askari pole na hongera. Picha mbili upande kwa upande, ila sasa moja ina sisi ndani yake.

Mwaka 2015, miaka 20 baada ya hukumu, Washington Post na ABC waliuliza watu, na asilimia 57 ya weusi walisema OJ kwa hakika au yumkini alifanya, wazungu ilikuwa asilimia 83. Miaka ya tisini weusi waliosema hivo walikuwa wachache. Watu wanaisoma hiyo kama weusi wamekuja kukubali ukweli, mi naisoma kama yule bibi alivyonifundisha, wengi walikuwa wanajua. Kilichobadilika ni kwamba kufikia 2015 simu za mkononi zilikuwa zimeshaanza kuonyesha kila wiki kile walichokuwa wanakisema miaka yote, hawakuhitaji tena kumbebesha OJ huo mzigo.

Rafiki yangu mmoja aliyepata uraia juzijuzi aliletewa barua ya kuitwa kwenye jopo la mahakama akataka kuitupa, siku moja ya kazi ni hela. Nikamwambia jopo la Simi Valley lilijazwa na watu waliokuja, sio waliobaki nyumbani. Akaenda. Wakili mmoja alimuuliza kama anawaamini polisi, akasema inategemea, wakamshukuru wakamrudisha nyumbani saa nane mchana. Amesema wakimuita tena anaenda.